Ngobyi Haishushwi Bondeni

Wanaume wa kilima kile, upande wa Nyakisasa, walikuwa na chama chao cha ngobyi. Mgonjwa akizidiwa analazwa kwenye ngobyi, kitanda cha kamba kilichofungwa kwenye miti miwili mirefu. Wanaume wanne wanaingiza mabega, wanaondoka. Sharti lilikuwa moja tu: ngobyi yenye mtu haigusi ardhi mpaka mlango wa zahanati. Ukichoka, unampisha mwenzako bega huku mnatembea.

Telesfori aliishusha. Na aliyelala juu yake alikuwa Deodata, mkewe.

Ulikuwa ule mwaka wa kwanza wa wakimbizi, barabara zimejaa watu na mikeka yao. Deodata aliharisha siku mbili, akakonda akabaki macho tu. Telesfori alishika mbele kushoto. Wenzake walitaka kumpokea bega mara tatu, akakataa. Kule bondeni, kwenye kijito, akakanyaga jiwe lenye utelezi. Kitu kikamkaza kiunoni kama kamba iliyovutwa na fahali. Magoti yakaenda chini, na ngobyi ikaenda chini.

Walipomaliza kupanda kilima cha pili, Deodata hakuwa anaitika tena.

Siku ya kuanua tanga, Novatus, mkubwa wa chama, alimvuta pembeni.

"Telesfori, ndugu yangu, sasa upumzike. Tumekutoa."

"Nani kawatuma?"

"Mgongo wako. Hatukutozi faini. Ukiugua tutakubeba."

"Mimi sitaki kubebwa."

"Basi usiugue," Novatus akasema, akaenda zake.

Tangu siku hiyo Telesfori alitaka kitu kimoja duniani: kurudisha bega lake chini ya mti ule.

Lakini mgongo ulikataa. Watu wa pale waliamini kiuno kikikaza hivyo mifupa imeachana, na dawa ni kuifunga. Akachukua kitenge cha Deodata, kile cha kijani, akakizungusha kiunoni mara tatu, akakaza. Alilala nacho, akalima nacho. Miezi saba. Kila mwezi alikaza zaidi, na kila mwezi aliinama zaidi. Kwa nini kitenge kile na si kamba ya mgomba, hakuna aliyemuuliza.

Akasikia kwenye kambi ya wakimbizi kuna hema la matibabu linalopokea na wenyeji. Akaenda. Daktari akambonyezabonyeza, akampa vidonge, akasema maneno. Mkalimani alikuwa Mrundi mmoja, Havyarimana, aliyekuwa mganga wa zahanati kwao kabla ya kukimbia.

"Anasema usibebe tena, mzee. Mpaka kufa."

"Mwambie nimekataa."

Havyarimana hakutafsiri hilo. Alimfuata nje. Kihangaza, lugha ya Telesfori, na Kirundi ni ndugu, walielewana bila shida.

"Shikamoo, mzee. Hicho kitenge umefunga tangu lini?"

"Marahaba. Tangu msiba."

"Njoo nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka kwa Malongo, Msukuma aliyekuwa akichinja mbuzi pembezoni mwa soko la kambi. Mbuzi alikuwa ananing'inia, ngozi imeshavuliwa. Havyarimana akaomba kisu.

"Hiyo nyama nauza," Malongo akasema. "Si ya shule."

"Nitakukatia vizuri kuliko wewe."

"Haya, mwalimu. Ukiharibu, unanunua mpaka kwato."

Havyarimana akainua nyama pana ya juu, ile inayotoka mgongoni kwenda begani. "Hii ni ya mikono. Inavuta, inasukuma. Iweke pembeni." Chini yake palilala nyama ndefu kando ya uti, kama kamba mbili nene, kutoka kiunoni mpaka shingoni. "Hii inakuinua ukiinama. Hii ndiyo unayoijua, ndiyo inayokuuma jioni." Akaipasua, akaisogeza. Kwenye mfupa wenyewe, katika ule mfereji kati ya pingili na pingili, palikuwa na vinyama vidogo, vifupi, vimelala mshazari. Kimoja kinatoka pingili hii, kinaruka mbili au tatu, kinashika nyingine. Vingine havikuzidi kidole cha mtoto.

"Na hivi?" Telesfori akauliza.

"Hivi havibebi kitu. Vinashika. Kabla mkono haujanyanyua mzigo, hivi vimeshakaza. Mtu mwenyewe hana habari."

Telesfori alitazama sana. Alikuwa amejenga nyumba nyingi za nyasi. Aliyajua yale mafundo madogo ya kamba chini ya paa, ambayo mgeni hayaoni, na yakilegea paa lote linakwenda na upepo.

"Siku ile ulipoteleza, vyako vilishtuka, vikalala," Havyarimana akasema. "Vikilala haviamki vyenyewe. Hizi kamba nene zinafanya kazi isiyo yao, ndiyo maana zinauma. Na wewe ukavifunga kitenge, vikajua kazi imepata mtu mwingine."

"Mifupa haijaachana?"

"Ingekuwa imeachana usingefika hapa kwa miguu. Fungua kitenge, mzee."

"Hapana."

"Fungua."

"Nimesema hapana!"

Malongo akaacha kunoa kisu chake kingine. Havyarimana akakitazama kitenge, kijani, cha kike.

"Basi usikitupe," akasema. "Kiweke mahali pengine."

Kazi aliyopewa ilikuwa ya aibu. Apige magoti uani, aweke mikono chini kama ng'ombe kwenye maji. Anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto, ahesabu kumi. Kisha abadilishe. Bakuli la maji likae kwenye kiuno kilichofunguliwa kitenge, lisimwagike.

Siku za kwanza maji yote yalimwagika. Majirani walikuja kuangalia.

"Telesfori, unatafuta nini huko chini?" Speciosa, jirani yake, akapiga kelele. "Kama ni sindano, nikuletee taa!"

Novatus naye alipita. "Mbwa wangu anainua mguu mmoja tu, wewe unaongeza na mkono."

"Mbwa wako ana mgongo kuliko wewe," Telesfori akajibu, uso unaangalia ardhi, maji yanamtiririka mbavuni.

Mvua zikaja, zikaisha. Siku moja bakuli halikutikisika mpaka kumi. Akaanza kubeba kibuyu cha maji, kisha viwili, kisha gogo. Hakumwambia mtu.

Jumamosi moja mchana, wanaume karibu wote wamekwenda kuuza ndizi soko la kambi, Novatus alianguka kutoka juu ya paa lake. Paja likavunjika, mguu ukatazama kando. Ngobyi ikaletwa. Wanaume wakapatikana watatu.

Telesfori akaja. Hakuomba. Alikikunja kile kitenge cha kijani mara nne, akakiweka begani, akaingia chini ya mti. Mbele kushoto.

"Huyo nani?" Novatus akauliza kutoka kwenye kamba, meno yamekazana.

"Mbwa wako."

"Mtoeni! Ataniua!"

"Shuka basi utembee."

Wale watatu wakacheka, na ngobyi ikaondoka.

Walishuka. Jua lilikuwa kali na Novatus hakuwa mtu mwembamba. Njia nzima alilaani mawe, paa, na mwanamke aliyemwambia alitengeneze. Walipokaribia kijito akaishika miti kwa mikono yote miwili. Naye alikuwepo siku ile ya Deodata, nyuma kulia.

Telesfori aliliona jiwe. Lilikuwa pale pale. Siku ile, kabla hajateleza, Deodata alikuwa ametoa mkono, akamgusa mgongoni, akasema, "Pumzika, baba." Hilo watu hawakulisikia. Walichokiona ni ngobyi kwenye matope.

"Telesfori," Novatus akasema taratibu. "Kama unataka, wekeni hapa. Safari hii nimeruhusu mimi."

Telesfori akakanyaga kando ya jiwe. Ndani kabisa, karibu na mfupa, akasikia kitu kikishika.

"Hapa haishushwi," akasema. "Funga mdomo, unatuongezea uzito."

Mpita njia mmoja, aliyewafuata kutoka kijitoni, akataka kumpokea bega. Telesfori akakataa mara moja tu, kwa ukaidi. Mara ya pili, kilimani, akampisha, akapumua, akaingia tena. Hilo nalo alikuwa amejifunza.

Mlangoni pa zahanati waliishusha taratibu. Novatus alikuwa amelowa jasho kama yeye ndiye aliyebeba.

"Mgongo?" akauliza.

"Upo."

"Nikipona nitawaambia chama wafikirie."

"Wasifikirie," Telesfori akasema. Akatoa kitenge begani, akakikung'uta vumbi, akakikunja upya. "Zamu yangu ni mbele kushoto."