Wewe ni Mwana wa Nani?

Jumapili hiyo nilifika Magwagwa kumtembelea mama nikamkuta mlangoni, simu sikioni, akitaja tarakimu kwa Kiswahili cha darasani. "Mbili," alisema. "Saba." Nilijua mara moja ni namba yake ya siri. Nilimpokonya simu nikasikia mwanamume mwenye sauti ya upole akimwambia aendelee, mama, bonasi yako ya chai imekwama, tunaifungua sasa hivi. Nilimtukana. Naye akanitukana, kisha akakata.

Nilimfokea mama kuliko nilivyomfokea yule mwizi. Mama akachukua kikapu chake akaenda kuchuma majani chai.

Jioni, hasira ilipopungua, nilimpa sheria. Hawa matapeli hawatoki kwetu, nilimwambia, wanaongea Kiswahili cha Nairobi. Kwa hiyo akipigiwa na mtu asiyemjua, amsalimu kwa Ekegusii, lugha yetu, kisha amuulize: wewe ni mwana wa nani? Kwetu swali hilo si ufidhuli. Mgeni hapewi chai kabla hajataja baba yake, babu yake na kijiji chao, na mama huweza kuufuata ukoo wa mtu hadi kwa shangazi aliyeolewa Nyamache. Asiyejibu, nilimwambia, mkatie.

Sheria ilimpendeza kupita kiasi. Kila wiki alinipa ripoti. Kuna aliyejibu kwamba yeye ni mwana wa serikali, na mama alicheka habari hiyo mpaka Sabato. Akina mama wa kanisani wakaiga, kisha wale wa kituo cha kupimia majani. Ofisini kwangu mjini Kisii nikaisimulia huku nimevimba kichwa. Kumbe sikuwa na la kujivunia.

Miezi michache baadaye macho yake yalianza kumsumbua. Nilimpeleka hospitalini, daktari akasema ni presha ya macho, na kwamba uoni ukishapotea kwa ugonjwa huo haurudi. Daktari wa upasuaji angekuja kutoka nje kwa siku tatu tu. Mama angepigiwa simu aambiwe siku ya kufika. Muuguzi aliandika namba yake. Yangu sikuiacha, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kurudi kazini.

Tulingoja. Mama akaniambia, kwa fahari, kwamba juma lile amewashinda wezi watatu. Nikamwambia vizuri sana.

Nilipoenda kumwona tena nilishika simu yake nikatazama. Wezi watatu walikuwa namba moja, siku tatu mfululizo, zote saa za kazi. Nikaiingiza namba ile kana kwamba natuma pesa, jinsi tunavyofanya sote ili jina la mwenyewe litokee, nikasimamisha kabla ya kutuma. Lilikuwa jina la mwanamke, jina la Pwani. Jina peke yake si ushahidi, wezi nao wana laini za watu. Kwa hiyo sikuipigia ile namba. Nilipigia hospitali kwa namba iliyokuwa kwenye kadi ya mama, nikaomba kitengo cha macho, nikauliza kama kuna aliyempigia mama.

"Ndiyo, ni mimi," muuguzi alisema. "Mamako alinikatia simu mara tatu. Kila nikimwambia natoka hospitali, yeye ataka kujua mie mwana wa nani."

"Na daktari?"

"Ameondoka jana, ndugu yangu. Pole sana."

Upasuaji ulifanyika miezi mitano baadaye. Jicho la kulia liliokolewa. La kushoto lilikuwa limeshazimika, na daktari alilisema hilo bila kuzungukazunguka. Nilishukuru kwa hilo, ingawa nilitoka nje nikalia kando ya magari kama mtoto.

Siku ya kumrudisha nyumbani tulipitia kwangu Kiogoro apumzike. Nilimkalisha, nikamwomba msamaha. Nilimwambia sheria ilikuwa yangu, haraka ilikuwa yangu, na jicho lilikuwa lake. Nilitaka anifokee. Ningejisikia nafuu.

Hakunifokea. Alikunywa uji wake, akageuza kichwa ili anione kwa lile jicho moja.

"Wezi wapo," alisema. "Hukudanganya."

Kisha akanieleza jambo ambalo sikuwa nalijua. Muda mrefu kabla ya hospitali, alikuwa haoni tena jina kwenye kioo cha simu. Alikuwa anapokea tu.

"Na wewe ukinipigia ukiwa ofisini, mbele ya wenzako, huniongelesha Kiswahili," alisema. "Tena haraka haraka, na sauti si yako. Sijawahi kukukatia, mwanangu. Huwa nasikiliza tu, mpaka nijue ni wewe."