Makaroni Baridi kwa Wakwe wa Bwegera

Mtu wa Bwegera usimpikie mchele. Hiyo ni akili yangu mwenyewe, hakuna mwalimu aliyenipa, maana kwa mwalimu nilikaa miaka miwili tu, kisha nikaenda sokoni kuuza sombe, majani ya muhogo. Watu wa Bwegera wanalima mpunga tangu wako mgongoni kwa mama zao. Ukiwawekea sahani ya mchele, hata uwe mzuri namna gani, hawali, wanakagua. Huu ni wa mwaka jana. Huu ulinyeshewa ndani ya lori. Huu umepikwa na mtu aliyekuwa anafikiria mambo mengine. Ni sawa na kumwimbia mkubwa wa kwaya wimbo wake mwenyewe: atasikia tu pale ulipokosea.

Kwa hiyo mjukuu wangu alipopata mchumba wa Bwegera, na familia ya kijana ikatuma habari kwamba inashuka Uvira kuzungumza mahari, neno la kwanza nililosema nyumbani kwangu Rugenge lilikuwa hili: mchele hapana.

Nyumba hiyo nimeijenga mimi. Nalisema wazi kwa sababu watu wanapenda kuiita nyumba ya marehemu. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mwema, lakini tofali hata moja hakununua. Mimi nilitoka kwenye sombe nikaingia kwenye nyanya, nikatoka kwenye nyanya nikawa napanda Kamanyola kuchukua vitunguu na maharage, halafu nikanunua masufuria makubwa ya kukodisha. Leo mtaani kwetu ukila harusini, umekula ndani ya sufuria yangu.

Mjukuu huyo nimemlea tangu hajaota meno. Amefanya kazi jikoni katika hoteli moja ya kando ya ziwa, mahali ambapo watu wa mashirika wanakuja Jumapili kuoga na kuagiza vitu vya ajabu. Ndiye aliyeniambia:

"Koko, tuwape salade ya makaroni. Ya baridi."

Koko ndiyo mimi, bibi yake. Nilimtazama kama mtu aliyesema tuwape wageni mchanga.

"Ya baridi? Weye unataka kuolewa ao unataka kufukuzwa?"

Inafaa mtu aelewe. Kwetu chakula cha baridi ni chakula kilicholala. Ni cha jana. Anakula mtoto kabla ya kwenda shule, anakula mlevi aliyechelewa kurudi. Mgeni anakula kinachotoa moshi. Ukimpa cha baridi umemwambia, bila kufungua mdomo, kwamba hukuwa unamngoja.

Mjukuu hakukasirika. Aliniuliza swali moja tu: "Koko, wazee wakianza kubishana mambo ya mahari, bugali inakuwaga namna gani?"

Hapo akanishika. Nimepika mahari nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani mwangu, na sijawahi kuona hata moja ambapo chakula cha moto kiliwafikia wageni kikiwa cha moto. Msemaji wa upande huu anasimama, anasema methali. Msemaji wa upande ule naye anazo za kwake. Wanatoka nje kushauriana, wanarudi, wanatoka tena. Huko jikoni mafuta ya mbuzi yanaganda meupe kama mshumaa na bugali inaota ngozi ya ndovu. Maneno ya wanaume yamepoza vyakula vyangu maisha yangu yote. Lakini kitu ambacho tayari ni baridi, maneno yatakipoza namna gani?

Nikasema sawa. Mbuzi na bugali vitakuwepo, kwa heshima. Lakini makaroni iwe ndiyo chakula cha mtoto mwenyewe, wajue mikono yake.

Hilo la mikono lilikuwa na sababu. Kijana alilelewa na shangazi yake, dada ya baba, mama mmoja mrefu mwenye mashamba yake mwenyewe, na pale kwao neno la mama huyo ndilo la mwisho. Siku ya kwanza walipokuja kujitambulisha alisema mbele yetu sote: "Batoto ya mujini hawajue kupika. Banajua kupasula sachet ya chakula." Kijana alimwambia mjukuu wangu waziwazi kwamba shangazi akirudi Bwegera na uso wa kununa, hakuna ndoa. Na mtoto wangu alimtaka kijana huyo. Alikuwa amekonda. Mtoto anayefanya kazi jikoni akikonda, ujue.

Siku yenyewe tulianza asubuhi, kabla jua halijapanda kutoka upande wa Burundi. Mjukuu alichemsha makaroni zile fupi za kujikunja, kwa chumvi, akazitoa mapema, zikiwa bado zinamkatalia mtu kidogo kwenye jino. Mdogo wangu wa kike, niliyempa usimamizi wa mbuzi na bugali, alipita akabonyeza moja kwa kidole.

"Hii haijaiva."

"Imeiva, koko mudogo."

"Miye nilipika makaroni mbele mama yako hajazaliwa. Inaiva wakati imekuwa kama uji."

Tukamfukuza arudi kwa mbuzi wake. Makaroni tukaziosha kwa maji ya baridi, tukazipaka mafuta kidogo zisishikane. Konkombre, yaani matango, tukazikata, nyanya tukazitoa mbegu zisilete maji, karoti nyembamba kama njiti, poivron ya kijani, ile pilipili hoho isiyowasha, kitunguu kilicholala ndani ya maji ya chumvi mpaka ukali wake ukaisha. Mayoneze nilikataa. Frigo ninayo, nzuri sana, ndimo ninamoweka sahani, maana kwa umeme wa Uvira kazi nyingine haiwezi. Tukatia ndimu, mafuta na chumvi. Mjukuu alitaka kutia thon, samaki wa kopo, kama kule hotelini. Nikamwambia, ukiwa na ziwa zima mbele ya mlango unafungua kopo? Tukachambua mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kukausha kwa moshi, nyama yake tu, bila mwiba hata mmoja.

Tulijaza beseni mbili. Ya tatu tuliiacha makaroni tupu, na mboga zake nzima, ndimu, chumvi na mukeke pembeni, tuje kuchanganya baadaye, kwa sababu mboga ikikatwa mapema inalia maji. Zote tukazifunika kwa vitambaa vilivyolowa, tukaziweka sakafuni katika depo yangu ya masufuria, ambako kuna simenti na hakuna dirisha. Barafu ningeweza kununua, lakini barafu ya Uvira kazi yake ni samaki, na harufu yake inajua hivyo.

Wakwe walifika wamevaa vizuri. Mjukuu akaingia chumbani kujificha, kama desturi, mpaka maneno yaishe. Na maneno yalianza. Walikubaliana haraka, ajabu, mpaka walipofika kwenye ng'ombe mmoja. Upande wetu ulitaka aje kwa miguu yake. Upande wao ulitaka aje ndani ya bahasha. Hapo wasemaji wakakunja mikono ya shati.

Mimi nilikaa kidogo salon, chumba cha wageni, kisha nikaenda kuangalia jikoni. Mlangoni nikakutana na harufu ambayo sikuwahi kuisikia katika maisha yangu. Ilikuwa konkombre iliyochemka. Mdogo wangu alikuwa ameweka beseni zima kwenye mbabula ya makaa, anageuza kwa mwiko, jasho linamtiririka.

"Weye! Unafanya nini?"

"Niko napasha."

"Nani alikutuma?"

"Haya ndiyo imenituma! Bageni ni bantu, si bambuzi. Nani anakulaka makaroni ya baridi na majani mabichi? Kesho soko yote itasema tuliwapa bya kulala."

Alikuwa ananitetea, maskini. Hilo ndilo lilinikasirisha zaidi, kwa sababu huwezi kumpiga mtu anayekutetea. Nilitazama ndani ya beseni. Nyanya zilikuwa zimekufa, makaroni zimevimba, mukeke amekuwa mchuzi. Nikamwambia ale mwenyewe. Alikaa juu ya kigoda akala kweli, kwa hasira.

Chakula kikaitwa kabla ng'ombe hajaamuliwa, maana wazee walichoka. Yaliyompata mbuzi nilishayasema. Bugali ilikuwa na ngozi. Wageni walichukua kidogo kwa adabu. Kisha ikaja beseni yetu ya pili, iliyosalimika, inang'aa nyekundu na kijani. Shangazi akatia kijiko, akaweka mdomoni, akaacha kutafuna. Akashusha kijiko.

"Mama," akaniambia, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, "hii chakula ililala hapa?"

Msemaji wetu, aliyekuwa amesema tangu asubuhi bila kumeza mate, akainama kufunga kamba za viatu.

Damu ilinipanda. Jibu la sokoni nilikuwa nalo, liko tayari, limepangwa. Lakini nyuma ya ukuta ule alikuwepo mjukuu wangu, na ukuta wangu nilijua ni wa tofali moja, anasikia yote. Nikanyanyuka. Nilikwenda depo, nikabeba ile beseni ya makaroni tupu, nikatia juu yake mboga nzima, ndimu, chumvi, mukeke, ubao na kisu, nikarudi, nikakaa kwenye mkeka katikati ya salon, mbele ya miguu ya wakwe.

Kaka yangu, aliyekaa na wazee wetu, akaruka. "Dada! Kisu? Mbele ya bakwe, maneno haijaisha?" Wazee wetu wanasema kisu kikiingia kabla ya wakati kinakata ukwe.

"Hiki ni cha konkombre," nikamwambia. "Keti."

Nikakata. Konkombre ililia krak, kila mtu akasikia. Nikamwambia yule mama, bila kuinua macho: "Mama mukwe, konkombre ya jana hailie hivi. Hii chakula haijalala. Imezaliwa baridi. Mujukuu wangu ndiye aliipika hivi kwa ajili yenu, sababu anajua wazee wanasema sana."

Mtu mmoja upande wao alicheka, akajifanya anakohoa. Shangazi alinitazama mikono.

"Unakata kubwa sana," akasema.

"Ni mukono yangu. Ya mutoto inakata vizuri, lakini mumemufungia."

Nikaendelea na nyanya. Yeye akaendelea kunitazama. Nawajua wakulima. Mkulima hawezi kukaa mikono tupu mbele ya mwenzake anayefanya kazi, hasa kama mwenzake anaifanya vibaya, na mimi karoti nilikuwa naikata vibaya kwa makusudi. Alivumilia karoti ya kwanza. Ya pili hakuiweza. Alitoka kwenye kiti, akakusanya kitenge chake, akakaa mkekani.

"Lete hiyo kisu."

Nikampa. Alikata karoti nyembamba kuliko zetu zote. Mimi nikakamua ndimu. Yeye akasema chumvi haitoshi, mimi nikasema inatosha, akatia nyingine bila kuniomba. Alichukua kipande cha mukeke akanusa, akala, akachukua kingine. Kisha akatia vidole ndani ya beseni, akaonja makaroni na kila kitu, akatafuna polepole, macho yake kwenye dari yangu.

"Kumbe," akasema, "iko baridi ya makusudi."

"Ya makusudi kabisa."

"Pilipili iko wapi?"

Hapo mdogo wangu, aliyekuwa anachungulia mlangoni, alikimbia kuleta pilipili kana kwamba tangu mwanzo alikuwa upande wetu.

Shangazi alijaza sahani yake. Alikula akiwa pale pale chini, kwa starehe, joto la saa tisa likitupiga kwenye mabati, na baada ya kijiko cha tatu akasema kwamba chakula cha namna hii kingefaa sana wakati wa kuvuna, mtu akitoka shambani kichwa kinawaka. Wanaume walikuwa wamerudi kwa ng'ombe wao. Msemaji wao alikuwa katikati ya methali. Shangazi hakugeuka hata kumtazama.

"Ng'ombe akuje na miguu yake," akasema. "Muishe kelele, tunakula."

Ikaisha. Kitu ambacho wazee wangekifanya mpaka magharibi, mama mmoja alikimaliza na mdomo umejaa. Msemaji alikaa, akaomba sahani.

"Na mutoto?" shangazi akaniuliza. "Atafichwa mpaka lini? Muleteni."

Nilimwita. Alitoka katika kitenge chake kipya, macho mekundu, kichwa chini, akapiga magoti mbele ya mkeka. Shangazi hakumsalimu. Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza juu chini, akaileta puani.

"Kitunguu," akasema. Kisha akasogea kumpa nafasi. "Bon. Ikala. Kula na miye."

Mjukuu wangu akakaa, akatia mkono katika sahani ya shangazi, na huyo mama akamsukumia upande wenye mukeke mwingi. Mimi nikanyanyuka, magoti yakilia, nikaenda kutoa sahani nyingine ndani ya frigo, maana sasa kila mtu alikuwa anataka.