Wiki Tuliyobishania "Ilishakufa"

Enzi zetu, kabla hujaona chombo kikiruka kwenda kwenye nyota, ulinawa miguu kwanza. Ndiyo, miguu. Wa rika langu mliokulia Gisenyi, Rwanda, mnalijua lile vumbi jeusi la mawe ya volkano, linaloingia hadi katikati ya vidole, uvae viatu usivae. Mama Hawa, mwenye televisheni pekee mtaani kwetu iliyokubali wageni, aliweka ndoo na kopo mlangoni, akasimama pale na kanga kiunoni akikagua nyayo zetu kama anayechagua viazi sokoni. Aliyefeli alirudi kwenye ndoo. Aliyefeli mara ya pili aliangalia kipindi kupitia dirishani, na dirisha lenyewe lilikuwa na pazia.

Siku hizi mwanangu Kevin anaangalia mambo hayo hayo ya angani akiwa amelala chali, miguu juu ya kochi langu, na soksi ambazo sitaki kuzizungumzia. Halafu ananiambia yeye ni shabiki. Shabiki gani asiyejua hata kushika antena?

Maana sisi antena tulizishika. Kipindi chetu kilikuja Jumamosi alasiri kutoka upande wa Goma, kikivuka mpaka bila kuonyesha kitambulisho, na kikifika kwetu kilikuwa kimechoka. Picha ilijaa chenga. Ilibidi mmoja wetu asimame nje akiuzungusha mti wa antena, uliofungwa mfuniko wa sufuria kwa waya, na sisi wa ndani tukipiga kelele, "Hapo! Hapo hapo! Usipumue!" Akipumua tu, kapiteni wa chombo anageuka vichwa viwili. Kipindi kilikuwa na jina lake refu la Kifaransa, lakini sisi tulikiita Chombo, na hatukuona kama kuna kilichopungua.

Mume wa Mama Hawa, Mzee Rajabu fundi cherehani, aliangalia nasi huku akishona. Yeye aliamini kabisa kwamba zile ni habari. "Hawa wanatoka nchi gani?" aliuliza kila Jumamosi. Tulipomwambia wanatoka mbali sana, kupita mwezi, alitikisa kichwa. "Gari kubwa hivi, na hawabebi abiria!" Kisha akakanyaga cherehani lake, nasi tukakosa maneno matatu ya kapiteni.

Tabu kubwa ilikuwa lugha. Chombo chote kilisema Kifaransa, na mle ndani kila mtoto alikuja na mzigo wake. Wengi walikuwa na Kinyarwanda cha nyumbani, wengine Kiswahili cha Goma, na mimi nilitoka Karagwe, Tanzania, nikiwa na Kiswahili ambacho mama yangu alikilinda kuliko vyombo vyake vya udongo. "Ongea Kiswahili safi!" alinikemea kila nilipotoka kucheza. Basi ilihitajika mtu wa kukaa mbele kabisa, kwenye kigoda kando ya spika, atutafsirie. Mwenye kigoda hakushika antena, na bakuli la sambaza za kukaanga, wale dagaa wa ziwani, lilipopita, mkono wake ndio uliotangulia.

Wa kwanza kukikalia alikuwa Modesti, mtoto wa jirani. Kifaransa cha Modesti kilikuwa cha darasani, cha mlango na dirisha na daftari, na palipobaki alijaza mwenyewe. Alijaza kwa ufundi, sikatai. Kwake watu wa angani waligombania mbuzi, walidaiana mahari, na mmoja alitoroka kazini bila ruhusa. Siku moja kapiteni alikuwa anatokwa na machozi, Modesti akatuambia, "Anasema njaa inamuuma." Kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, tukasikia mtu anacheka.

Alikuwa Safi, msichana aliyehamia majuzi kutoka Goma na mama yake, ambaye alileta sambaza kutoka bandari ya Rubona na kuziuza sokoni. "Haiko vile," alisema. "Anasema baba yake alibaki kule kwabo, na hatamuona tena." Mama Hawa akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwangalia Modesti, akaangalia kigoda, na Modesti akasimama mwenyewe.

Nasema wazi: kabla ya siku ile hatukumwita Safi kwa jina. Tulimwita "yule". Shuleni alikula muhogo wake peke yake nyuma ya darasa, na alipofungua mdomo tulimcheka kwa vile alivyosema mutu na muzuri. Baada ya siku ile, wasichana waligombania kukaa naye. Mama yangu akisema "Kiswahili safi", wenzangu walidhani nimeagizwa nikajifunze kwake. Kigoda kilimpa marafiki, na yeye alilijua hilo kuliko sisi.

Sasa njooni kwenye Jumamosi yenyewe. Mle ndani ya Chombo kulikuwa na rubani, kijana mtaratibu, asiyecheka wala kukasirika, ambaye wasichana wote wa mtaa tulikuwa tumeshapanga kuolewa naye. Siku hiyo chombo kiligonga kitu angani. Moshi ukajaa, taa zikazimika, rubani akainamia usukani. Hapohapo aliyeshika antena nje akapiga chafya.

Chenga tupu. Picha ikaenda, ikabaki sauti. Tulimsikia fundi wa chombo, mwanamke mwenye sauti nzito, akisema maneno machache. Kisha muziki wa mwisho ukaanza.

"Anasema nini? Safi, anasema nini?"

Safi alikuwa amebandika sikio kwenye spika. Akageuka polepole.

"Anasema, ile ilishakufa."

Picha ikarudi, safi kabisa, ikituonyesha tangazo la sabuni.

Mimi ndiye niliyeanza, na sijutii. Nilisimama nikawaelimisha. Nikasema hakuna msiba hapa, jamani, amesema *i*-lishakufa. Ingekuwa mtu angesema *a*. Kwa hiyo kilichokufa ni chombo, kimeharibika, kama gari linavyokufa njiani, na rubani wangu ni mzima.

"Yewe!" Modesti aliruka. "We wa Tanzania, nani alikwambia? Huku kwetu mutu iko, mutu ilienda, mutu ilirudi. Donc mutu ilishakufa! Rubani ilishakufa, lia sasa."

Wasichana wawili wakaanza kulia papo hapo. Wengine wakahamia upande wangu kwa sababu ulikuwa na matumaini. Tukamgeukia Safi: ni mtu au ni chombo?

"Mi nilisema ile nilisikia," alijibu. "Alisema *il est fichu*. Njo ile tu."

Jumatatu tukayapeleka maneno hayo kwa mwalimu wa Kifaransa, kundi zima, kama tunaopeleka mgonjwa. Mwalimu alifurahi sana. Hakuna aliyewahi kumfuata wakati wa mapumziko. Alituambia kwamba hiyo *il* ni ya mwanamume, na ni ya chombo pia, na kwamba *fichu* husemwa kwa mtu aliyekwisha na kwa injini iliyokwisha. Kisha akatupa zoezi. Tukatoka pale tukiwa na hasira mara mbili.

Wiki ile, ndugu zangu, mtaa ulipasuka. Kwenye bomba la maji kulikuwa na foleni ya Mtu na foleni ya Chombo. Tulipocheza kamba, waliosema rubani amekufa waliruka upande wao na sisi upande wetu, na kamba ilikuwa moja, kwa hiyo hakuna aliyeruka. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa na kitambo hajaniongelesha, alinifuata jikoni kuniambia nimekosea. Mzee Rajabu yeye alikuwa na jibu lake: "Si wakilete Rubona? Pale kuna mafundi wazuri wa injini za boti."

Modesti hakuwa anamlilia rubani. Alikuwa anakililia kigoda. Alizunguka akisema mtafsiri asiyejua nani amekufa si mtafsiri, na maneno hayo yakamfikia Mama Hawa, ambaye kelele zilishamchosha. Akatuita uani.

"Sitaki tena fujo kwangu," alisema. "Safi, mwanangu, Jumamosi kabla sijawasha utatuambia: ni mutu ao ni mashini? Ukisema sawa, unabakia pale. Ukikosa, Modesti anarudi, na wewe unaenda kushika antena."

Hapo ndipo Safi alipogeuka mfalme na mfungwa kwa pamoja. Upande wangu tulimletea mandazi ili aseme chombo. Modesti alimbebea mkoba wa shule hadi nyumbani ili aseme mtu, hapana, ili akosee, maana Modesti mwenyewe hakuwa na uhakika wa lolote. Safi alikula mandazi na akabebewa mkoba. Hakuahidi kitu.

Lakini Ijumaa nilimkuta amekaa nyuma ya darasa, palepale alipokuwa akila muhogo wake zamani, na macho yalikuwa mekundu. Nikamwambia, sema tu chombo, mambo yaishe.

"Na kama haiko chombo?" akaniuliza. "Nikikosa mutaniita tena yule."

Ilikuwa kweli. Nilikaa naye mpaka kengele ikalia, na hilo peke yake kwangu lilikuwa kubwa, kwa jinsi nilivyopenda kucheza.

Jumamosi ndoo ya miguu iliisha maji mara mbili. Walikuja hata watoto wa mitaa ya juu ambao hawakuwahi kuona Chombo, walisikia tu kuna kesi. Mama Hawa akasimama mbele ya televisheni, mikono kiunoni. Cherehani likanyamaza.

"Haya, Safi. Mutu ao mashini?"

Safi akasimama kando ya kigoda. Alikuwa na sauti ndogo, lakini siku ile tuliisikia wote.

"Rubani," alisema. Upande wa Modesti ukapiga makofi. "Rubani ilishakufa. Lakini ilikufa sawa vile voiture inakufaka."

Kicheko kikalipuka. Jamani, tulicheka! Tulicheka sote, Mtu na Chombo, kwa mara ya kwanza wiki nzima tukiwa kitu kimoja. Rubani amekufa kama gari! Mimi mwenyewe nilicheka hadi nikakaa chini, ingawa moyoni niliona vibaya. Modesti alikuwa ameshashika mguu mmoja wa kigoda. Safi hakuketi, hakulia. Alisogea pembeni, akasimama ukutani.

"Ashwi, uonevu mtupu," alisema Mama Hawa, bila kusema nani kamwonea nani, akawasha.

Antena siku hiyo ilishikwa na shemeji wa Mama Hawa, mtu mzima, na picha ilikuwa kama maji ya Ziwa Kivu asubuhi. Tukamwona rubani amelazwa juu ya meza. Tukamwona fundi, yule mwanamke wa sauti nzito, anamfungua shati. Kisha akamfungua kifua. Kikafunguka kama mlango wa kabati, na ndani hakukuwa na moyo wala damu. Kulikuwa na nyaya.

Mume wetu mtarajiwa alikuwa mashine.

Sijawahi kusikia kelele kama ile, hata siku ya mpira. Mtu alimwaga sambaza. Mzee Rajabu alisimama na suruali ya mteja begani akipaza sauti, "Si niliwaambia ni fundi tu anahitajika!" Modesti alikuwa bado ameshika kigoda, akakiangalia, akamwangalia Safi pale ukutani, na akakibeba yeye mwenyewe kwa mikono miwili hadi pale Safi alipokuwa amesimama. Modesti ana mengi, lakini kwa hilo namheshimu mpaka leo.

"Ulijuaje?" nikamuuliza Safi, katikati ya vurugu.

"Yule mama fundi," alisema, huku anakaa. "Mutu akikufa, batu banalia. Yeye hakulia. Alisema tu, sawa vile papa yangu alikuwa anasema juu ya radio yetu ikikufa."

Kuanzia hapo mtaa mzima ulianza kusema ilishakufa. Kiatu kilishakufa, mpira ulishakufa, mwalimu akikosa kuja tulisema naye ilishakufa. Mama yangu alinifinya sikio kwa neno hilo mara nyingi, na kila aliponifinya nilijisikia mwenyeji.

Leo kila kitu kina maandishi chini. Majuzi kimetoka kipande kipya cha kipindi kingine cha angani anachokipenda Kevin, na mimi, nisiseme uongo, nakipenda kumzidi. Nilikimbia jikoni kidogo kuepua maharage, na niliporudi kuna mtu ameanguka na muziki wa mwisho unalia.

"Nani amekufa?" nikauliza.

"Mama, si iliandikwa," alisema, macho kwenye simu. Alikuwa anabishana na watu wa nchi asizozijua, vidole vinakimbia, uso haucheki. Dakika chache baadaye akaiweka simu chini. Alikuwa amepata jibu mahali fulani, ubishi umekwisha, anataka kula. Niliumia, nasema kweli. Wiki nzima ya utoto imeisha kabla maharage hayajapoa, na hata mtu wa kumkumbatia au kumnunia hakuna.

Nikampigia Safi. Siku hizi anauza vitenge Goma, ana wajukuu wawili, na Kiswahili chake hakijabadilika hata herufi. Kumbe naye aliangalia, na umeme ukamkatikia palepale. Yeye anasema ni kapiteni. Mimi nasema haiwezekani, kapiteni alikuwa mlangoni. Akaniambia sina macho, nikamwambia hana masikio, akakata simu, akapiga tena. Tuko siku ya nne sasa, na Modesti, ambaye ameshapata habari, yuko upande wa tatu.

Jumamosi Safi anavuka mpaka kuja kwangu tubishane uso kwa uso. Kevin anajua nani alikufa. Nimemwomba jambo moja tu, asituambie.