Ruhusa ya Mtu Asiyehitaji Viza

Dada yangu alishuka Bujumbura akiwa na masanduku mawili, kikohozi kidogo alichokipata ndani ya ndege, na pasipoti ya Ubelgiji ambayo kila mtu nyumbani ilibidi aishike.

"Ishike muzuri," aliniambia sebuleni kwangu Mutanga Sud, kama mtu anayekukabidhi mtoto mchanga. "Hii haiombi viza. Unafika, unaonyesha, unapita."

Niliishika vizuri. Mimi ni mtu wa kusoma, nina shahada mbili na insha kadhaa ambazo wanafunzi wangu wanadai wamezisoma, lakini pasipoti yangu ya Burundi haijawahi kupita mpaka wowote wa mbali bila kwanza kuketishwa na kuulizwa habari za maisha yake. Hii ya dada ilikuwa nyekundu, imenona, na ilinukia mkoba wa ngozi.

Alikuwa amekuja kwa sababu ya harusi, na harusi ilikuwa Nairobi, Jumamosi. Binti aliyekuwa anaolewa ni wa dada yetu mkubwa, ambaye alifariki binti akiwa bado shule ya msingi. Huyu wa Ubelgiji ndiye aliyemchukua kuwa wake: alimlipia shule, alimkemea kwa simu kila Jumapili, na sasa angekaa kwenye kiti cha mama. Kiti hicho hakikuwa na mtu mwingine wa kukikalia. Mpango ulikuwa apumzike kwetu siku chache, kisha Ijumaa tupande ndege pamoja: yeye, mimi, mke wangu, na mdogo wetu wa kiume mwenye duka la vitambaa Bwiza.

Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyenipigia simu.

"Tonton," akaanza, kwa kuwa mimi ni mjomba wake, "maman amechukua kibali?"

"Kibali gani? Ana pasipoti ya Ubelgiji."

"Ndiyo maana nauliza."

Akanieleza polepole, jinsi unavyomweleza mtu mwenye shahada mbili. Kenya imewaondolea wageni viza, ndiyo. Lakini mgeni asiyehitaji viza ni lazima aombe kibali mtandaoni kabla hajasafiri, na asipokuwa nacho hatapandishwa ndege. Sisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tumesamehewa. "Wewe hauhitaji kitu, tonton. Maman ndiye anahitaji."

Nilimwomba arudie. Nilikuwa nimeelewa vizuri sana, ila ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kuisikia sentensi hiyo na nilitaka kuifaidi.

Siku hiyohiyo, wakati wa chakula cha mchana, nilimpasha dada habari. Nilitafuta maneno laini. Nilisema ni kama mwenye nyumba anayekuambia mlango hauna kufuli, ila umpigie simu kabla hujausukuma. Nilidhani mfano huo ni mzuri. Dada aliweka kijiko mezani.

"Mi niombe ruhusa?"

"Si ruhusa hasa, dada. Ni kibali."

"Sikia, wewe profesa. Mi nimepanga foleni Ulaya na baridi, mwaka kwa mwaka, naomba ruhusa ya kukaa, ruhusa ya kufanya kazi, ruhusa ya kuugua. Wakanipa hii ili nisiombe tena. Leo mutoto wangu anaolewa hapa kwa jirani, na wewe unaniambia niombe? Kama Nairobi mi ni mugeni, basi. Siendi. Kiti wampe mutu mwingine."

Mke wangu alinitazama kwa jicho linalomaanisha funga mdomo, nami nikaufunga. Kikohozi cha dada kilimrudia, akanywa maji, mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari.

Hapo ndipo nilipopata wazo langu, na kwa kawaida mawazo yangu yangestahili kuombewa kibali kabla hayajaingia popote. Nitamwombea mwenyewe, kimyakimya. Kibali kitakuja, nitakiweka mfukoni, nitamwonyesha mtu wa ndege kwa pembeni, na dada atapita kama malkia bila kujua kwamba aliombewa. Sikumwambia mtu. Katika familia yetu jambo ukimwambia mmoja, jioni linakuwa limefika Buterere, ukingoni mwa mji, na limeongezwa mguu.

Pasipoti niliipata bila shida. Ilitosha kusema, "Hebu niione tena," naye aliitoa kwa furaha, nikaipiga picha nikijifanya napima mwanga. Tatizo lilikuwa picha ya uso. Walitaka uso mtupu, mbele ya kitu cheupe, bila miwani na bila tabasamu. Umeme ulikuwa umekatika na kuta za ndani zilikuwa giza, kwa hiyo nilitundika shuka jeupe uani, kwenye kamba ya nguo, nikamwita.

"Picha ya nini?"

Sikuwa nimeandaa uongo. "Ya kumbukumbu," nikasema.

Akaweka kitenge chake sawa. Kisha akasimama mbele ya shuka.

"Vua miwani. Usitabasamu, dada. Hapana, hata kidogo. Kaa kama… kaa tu kimya."

Ilitoka picha nzuri. Jioni nilijaza maombi kwa simu. Kwenye sababu ya safari nilipewa nafasi ya kuandika, na nafasi ya kuandika ni kitu ambacho sijawahi kukiacha salama. Niliogopa kutaja harusi, nikihisi wataomba kadi ya mwaliko, hivyo nikamfanya mtalii. Nilieleza mapenzi yake ya tangu utotoni kwa wanyama wa porini, nikagusia kidogo mandhari, na nilipokuwa naingia kwenye twiga mashine ikanikata katikati ya sentensi, jambo ambalo wahariri wangu wamelitamani kwa miaka mingi. Dada yangu, kwa taarifa yenu, anaogopa mbwa. Akiona paka mkubwa anabadilisha upande wa barabara.

Nisichokijua ni kwamba bibi harusi alikuwa amempigia pia mdogo wetu wa Bwiza, kwa sababu hakuniamini. Na mdogo wetu naye alipata wazo, lilelile, naye hakumwambia mtu. Alimwalika dada dukani kesho yake. Akamsimamisha mbele ya majora ya bafta nyeupe, kitambaa ambacho familia za Kiislamu za mtaa ule hununua kwake kwa shughuli moja tu, na si harusi. "Simama hapo, dada. Usicheke." Akampiga picha. Kisha, huku akipima vitenge vya wateja, akamuuliza majina yake yote pamoja na la ubatizo, tarehe aliyozaliwa, kazi yake kule Ubelgiji iandikwe vipi, na jambo likitokea kwa ghafla aitwe nani kwanza.

Na bibi harusi, kwa sababu hakumwamini huyo pia, alimpigia dada simu ya video. "Maman, sogea kwenye ukuta. Tazama mbele. Usiseme kitu." Akampiga picha, machozi yakimtoka. "Merci, maman. Nakupenda sana." Akakata.

Kwa siku mbili zilizofuata dada yangu alikuwa mtu mwingine. Alikula kidogo. Alivuka barabara kwenda kumsalimia jirani ambaye waligombana kabla hajahamia Ulaya, wakakaa barazani wakishikana mikono. Aliniita "mdogo wangu" badala ya "profesa". Asubuhi moja alipita jikoni, akavua saa yake ya mkononi na kumvalisha mke wangu.

"Wifi amenipa saa," mke wangu aliniambia chumbani, akiwa amefadhaika. "Nimemukosea nini?"

"Ni ukarimu tu."

"Ukarimu? Dada yako? Mwaka ule alituletea chokoleti akarudi na zilizobaki!"

Nilisema Ulaya humlainisha mtu kadiri umri unavyosonga. Nilikuwa na nadharia nzima juu ya hilo, na nilianza kufikiria kuiandikia insha.

Jumatano mchana dada alituita sebuleni. Mdogo wetu ilibidi apande kutoka Bwiza kwa miguu, kwa kuwa teksi zote zilikuwa kwenye foleni ya mafuta, akafika ametota jasho. Dada alikuwa amekaa wima, kitenge kipya, mikono magotini. Mbele yake Fanta ambayo hakuifungua.

"Bon," akasema. "Mi si mutoto. Nani amewaambia?"

Tukatazamana.

"Kuambiwa nini, dada?" nikauliza.

"Daktari wangu wa kule amewapigia simu? Ni hiki kikohozi? Mumenipiga picha, wewe na shuka lako, na wewe na sanda zako. Na yule mutoto kule ananipiga picha huku analia. Bila kucheka, bila miwani! Munaniuliza jina la ubatizo, munaniuliza aitwe nani. Mi nasikiliza matangazo ya vifo kwenye redio, najua wanavyosoma. Sasa mi nauliza jambo moja tu." Akaisukuma Fanta pembeni. "Nitaishi mpaka Jumamosi nimuone mutoto wangu, ao apana?"

Kwetu picha ile kubwa, iliyosimama mbele ya jeneza, haina tabasamu. Mimi mwenye shahada mbili sikuwa nimelikumbuka hilo hata kidogo. Mke wangu alilielewa kabla yangu. Aliangalia saa mkononi mwake, kisha akaniangalia mimi, na najua ni nani alitaka kumzika saa ile.

"Ni kibali," nikasema.

"Kibali cha nini?"

"Cha Nairobi. Nimekuombea kibali."

"Wewe?" mdogo wetu akaruka. "Si mi ndiye nimemuombea?"

Dada alitutazama mmoja baada ya mwingine. Nilidhani atanipiga. Badala yake aliegemea kochi, akafumba macho, mabega yakaanza kutikisika, na ilichukua muda kujua kwamba anacheka. Alicheka hadi kikohozi kikamshika. Kisha akanyoosha mkono kwa mke wangu.

"Wifi. Saa yangu."

Tulipompigia bibi harusi tukajua kuna ombi la tatu. Na nilipofungua simu nikakuta ujumbe, ambao na wao wawili walikuwa wameupata: yamepokelewa maombi zaidi ya moja kwa pasipoti hii, mwombaji athibitishe lipi ni lake, mengine yaondolewe. Hadi hapo hakuna kitakachoshughulikiwa. Na ndege ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Sasa hapakuwa na namna ya kumpitisha kimyakimya. Ilibidi aombe mwenyewe, kwa kidole chake, au abaki.

"Nisomee," akasema. "Nijue mi ni nani."

Nikamsomea langu. Nilipofika kwenye mapenzi ya tangu utotoni kwa wanyama wa porini alinyanyua mkono.

"Wewe unanijua kweli? Tumezaliwa nyumba moja?"

La mdogo wetu lilimfanya mfanyabiashara anayekuja kununua vitambaa kwa jumla, na kama mtu wa kuitwa ghafla alikuwa ameweka namba ya duka lake, pamoja na saa za kufungua.

"Na wewe umenitia kwenye kazi yako. Siku ya harusi nibebe majora?"

La tatu bibi harusi alilituma, nikalisoma. Mahali pa kufikia: nyumbani kwa binti yangu. Sababu ya safari: mama anakuja kuniozesha. Basi. Alisahau hata kuandika kama vile dada ndiye anayesema. Katikati ya fomu binti alikuwa amegeuka kuwa yeye mwenyewe.

Dada aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaninyang'anya simu, akaisogeza mbali na macho kwa kuwa miwani ilikuwa jikoni.

"Wapi nabonyeza?"

"Hapo, dada. Lakini ulisema huwezi kuomba…"

"We profesa, nyamaza. Hapa ao hapa?"

Akabonyeza. Yale mengine mawili aliyafuta mwenyewe, la kwangu kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika.

Alhamisi yote, mwanamke aliyekataa kuomba chochote alikuwa akipita mbele yangu kila mara. "Wamejibu?" Bado. "Labda mutandao." Mtandao uko sawa, dada. "Labda ile picha yako ya shuka wameona mi ni maiti." Picha ya shuka tumeifuta, dada, hii ni ya mtoto wako. Mchana hakula. Aliondoa gauni la harusi kwenye sanduku, akalitundika, akalirudisha. Jua lilikuwa linashuka upande wa Kongo kibali kilipoingia, na mdogo wetu akakichapa dukani nakala nne, kana kwamba moja ingeweza kufa njiani.

Nairobi, sisi watatu tulipita haraka upande wa Afrika Mashariki, tukasimama ng'ambo tukimsubiri. Nakiri nilikuwa nimesimama kwa mkao fulani. Dada alifika dirishani, akaweka pasipoti na karatasi zake nne. Afisa, kijana mwenye usingizi, akatazama kioo chake, akagonga muhuri, akamrudishia kila kitu bila neno.

Dada hakuondoka.

"Hauniulizi nimekuja kufanya nini?"

"Iko hapa kwa mashine, mama. Karibu Kenya."

"Apana. Uliza."

Foleni nyuma yake ikaanza kunyoosha shingo. Afisa alimtazama, akatutazama sisi kwa mbali, nami nikampa ishara kwamba ni bora aulize tu.

"Haya, mama. Umekuja kufanya nini?"

Dada akavua miwani, akatabasamu kwa meno yote, akaweka viwiko kwenye kaunta.

"Nimekuja kumuozesha mutoto wangu," akasema, na akaanza kutafuta picha kwenye simu.