Baiskeli Niliyoing'oa Breki

Kuna siku moja sijaisahau mpaka leo, mwanangu, na kila nikikuona umeshika spana unapiga mluzi inanirudia. Kaa hapo kidogo. Hiyo pancha haikimbii.

Nilikuwa kijana, najifunza ufundi baiskeli pale Issuna kwa Mzee Njiku, na nilijiona fundi kuliko fundi wangu. Tulikuwa na baiskeli moja ya resi, ya zamani, chuma chembamba, usukani umepinda kama pembe za beberu. Gia zake zilikuwa zimekufa zote na spea hakuna. Mzee akasema tuiache mpaka vifaa vipatikane. Lakini mimi nilikuwa nimewaona vijana wa Singida mjini wakiendesha baiskeli ambazo friwili, ile gia ya nyuma inayoacha miguu ipumzike, imekazwa isicheze: gurudumu likizunguka, na pedali zinazunguka, huwezi kupumzisha miguu. Eti ndio mtindo!

Mzee alipokwenda msibani Ihanja, nikaipeleka baiskeli kwa mchomeleaji, friwili ikachomelewa. Nikang'oa gia, nyaya, keria, na breki zote mbili, maana kwenye barabara yetu ya tambarare ukikaza miguu tu inapunguza mwendo. Nikaipiga rangi nyekundu. Loo, ilipendeza! Kizuri chajiuza, Jumamosi ya mnada katekista mmoja akaijaribu palepale huku anacheka, akanunua, akaipandisha juu ya basi akaenda zake.

Jioni Mzee Njiku akarudi. Nikampa shikamoo, nikamsimulia kwa majivuno. Hakuuliza nimeuza bei gani.

"Huyo mtu anakaa wapi?"

"Kilimatinde, mzee."

Akakaa chini. "Katekista wa Kilimatinde kila Jumapili anashuka ule mteremko wao mkali kwenda kusalisha vijiji vya bondeni. Wewe umeijaribu kwa barabara yetu sisi. Fundi hupima kwa njia ya mwenye baiskeli!" Kisha akaongeza neno la Kinyaturu ambalo sikwambii, wewe bado mdogo.

Simu hazikuwepo, mwanangu. Nilipanda gari la kwanza alfajiri ya Jumapili, nikashukia Manyoni, nikadandia lori la mkaa. Kufika Kilimatinde, mke wa katekista ananiambia kwa furaha, "Ametoka sasa hivi, na baiskeli yake mpya." Nikashuka mteremko ule mbio, nachungulia kila korongo, namwona amelala chini ya kila kichaka. Niliahidi kwa Mungu mambo ambayo mengine sijayatimiza hadi leo.

Kwenye kona ya tatu nikamwona. Anatembea! Baiskeli anaikokota kwa mkono mmoja, na kwapani ana kuku.

"Kijana wa Issuna!" akafoka. "Baiskeli gani hii haina hata keria? Huyu kuku ni wa mama aliyejifungua huko chini, ningemfunga wapi? Nimeikokota tangu juu!"

Nikakaa chini barabarani nikacheka, na machozi yakanitoka hapohapo. Sijawahi kufurahia kufokewa kama siku ile.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Ningeweza kumwambia nimeifuata baiskeli ili niiwekee keria, nikaondoka nayo, asijue kitu. Shetani alininong'oneza hivyo, na nusura nimkubalie. Lakini mficha uchi hazai. Nikasema, "Baba, shikamoo. Sikuja kwa ajili ya keria. Breki niliziondoa mimi. Ungepanda hapo juu, pedali zingekuzidi nguvu, na isingesimama."

Akaangalia bondeni. Akanipa kuku nimshike, akajifuta uso kwa leso.

"Nani amekutuma uje kuniambia?"

"Mzee alinionyesha kosa, baba. Kuja nimekuja mwenyewe."

"Basi utakuwa fundi," akasema, tukashuka pamoja kwa miguu. Nikarudi nayo Issuna, na wiki iliyofuata nikampelekea baiskeli yake ikiwa na friwili nzima, breki mbele na nyuma, na keria. Aliiendesha miaka mingi sana.

Mwanangu, sikwambii usikosee. Utakosea, tena utakosea ukiwa umefurahi, ndivyo mafundi tulivyo. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ninachokuusia ni hiki: kazi yako ipime kwa maisha ya yule atakayeitumia. Na siku ukigundua kosa lako limeshaondoka na mtu, usikae ukiomba lisionekane. Lifuate siku ileile, kwa gari, kwa lori, kwa miguu. Ukimpata mtu huyo salama, usijifanye hukukosea kwa kuwa tu Mungu amekusitiri; mwambie ukweli akiwa bado anaweza kukufokea. Aibu ya kukiri ni ya nusu saa, na usingizi mwema unaofuata ni wa miaka yote hii unayoniona.

Mungu akubariki, mwanangu, na kila utakayemfuata, akujalie umkute mzima.