Mto wa Ruvu Ulivyogawanyika Maji Mawili

Nilifunga genge langu la vitumbua Dunda kwa sababu ya simu ya shangazi Mwanaidi, anayelima mpunga kwenye delta ya Ruvu. "Mpunga unakauka, mwanangu. Bamvua hili, bahari ikijaa kupita kiasi, tusipouingizia maji, hata mbegu sipati. Njoo tufungue mfereji."

Asubuhi nilipanda bodaboda, vumbi likanijaa mpaka masikioni. Njia ilipoisha nikavua viatu, nikaingia matopeni huku nikinung'unika.

Ukingoni nilishika kichwa. Yallah! Mto tuliokuwa tukiuvuka maji yakiwa magotini ulikuwa umezama chini kabisa, umekula sakafu yake mwenyewe, kingo zimesimama wima.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Rudi nyuma, utatumbukia!"

Zamani, bamvua likija, bahari iliusukuma mto, maji matamu yakapanda yenyewe hadi kwenye majaruba ya mpunga. Mto ulipozama, shangazi na jirani yake waliichimba midomo ya mifereji yao chini zaidi, kuyafuata maji. Jirani alifungua wa kwanza, na mpunga wake ukaungua kwa chumvi.

Baada ya adhuhuri bahari iliingia. Mto ukasimama, kisha, subhanallah, majani yaliyokuwa yakielea kwenda pwani yakageuka kurudi bara! Nilisisimka mwili mzima.

Shangazi alichota kwa kiganja, akaonja kama mama yake alivyomfundisha. "Matamu. Haya, fungua."

"Jirani naye si alionja?"

 Shangazi akatia jiwe kwenye chupa, akaiziba, akaifunga kamba, na kizibo akakifunga uzi wake. Akaishusha hadi chini, akauvuta uzi kizibo kikachomoka, maji ya chini yakaingia, akaipandisha. Nilionja, nikatema. Chumvi tupu! Maji mawili kwenye mto mmoja, matamu yamelala juu ya bahari, na juu huoni kitu. Niliogopa, na nilipenda kutazama.

"Kumbe tumeichimbia bahari mlango," shangazi alisema.

Tukaanza kuurudishia mdomo wa mfereji udongo, mbio mbio, tukauacha wazi juu tu. Alasiri, maji yalipojaa kabisa, utando mwembamba wa maji ya juu ulipita ukaingia mferejini. Shangazi akaonja tena na tena. Matamu! Lakini yalitosha jaruba moja, akachagua la mbegu. Majaruba mengine aliyapa mgongo, akilia bila kujificha.

Niliporudi Dunda, wateja waliuliza, "Vitumbua vya mchele wa shangazi lini?"

"Mpunga wa mwaka huu hatuuli," nikawajibu. "Tunaupanda."