Mama Alivyotugawa Majimboni

Mwishoni mwa 2016, baada ya uchaguzi, mtu alituma sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa letu akisema kuwa kuna majimbo ya Amerika yanataka kujitenga. Mama aliisikiliza mara tatu, akavua miwani.

"Mutoto ataenda Buffalo kwa mama mudogo," alisema. "Juma hii."

Nilicheka. Mpaka leo naona haya.

Tulikuwa tunaishi Whitehall, pembeni mwa Columbus: Mama, mimi, na mdogo wangu wa miaka kumi na sita, ambaye ndiye "mutoto" mwenyewe. Kaka yetu, anayenifuata mimi, alikuwa Louisville, jimbo jingine kama ilivyo Buffalo, akipakia mizigo boharini. Zamani, kule milimani kwetu Kivu, tulikuwa watano. Vita vilipokaribia, Mama alifanya kama wazazi wengi wa kwetu: hakutuacha wote chini ya paa moja. Mimi nilipelekwa kwa shangazi, kaka kwa mjomba, mapacha kwa bibi, na mdogo wangu akabaki mgongoni mwake. Nyumba ya bibi ilichomwa. Tulifika kambini bila mapacha.

Kwa Mama, kujitenga halikuwa neno la wanasiasa wenye suti. Babu yetu alikuwa mchimba madini Katanga jimbo lile lilipojitenga. Mama alikuwa bado tumboni, na baba yake hakurudi.

Mdogo wangu alikuwa na marafiki, kwaya, na mwaka mmoja na nusu tu wa kumaliza shule. Alijibu kwa Kiingereza kwamba haendi popote. Nikamwahidi nitamtetea. Siku hizo nilikuwa nasomea mtihani wa uraia, na kichwa kilikuwa kimevimba kwa hayo niliyokariri.

Nilimuuliza mwalimu wetu wa darasa la uraia, mwanasheria mstaafu, kama jimbo linaweza kujitenga, akaniandikia jibu daftarini. Katiba yenyewe haina kifungu kinachotaja kujitenga. Lakini baada ya vita vya Kaskazini na Kusini, Mahakama Kuu iliamua kwamba muungano ni wa kudumu: jimbo haliwezi kutoka kwa uamuzi wake peke yake. Labda mengine yakubali, au yatokee mapinduzi. Nilirudi nyumbani nikitembea kama jaji.

Mama alikuwa anakunja nguo za mdogo wangu. Nilimsomea yote, pole pole. Alisikiliza kwa heshima, kama anavyosikiliza mahubiri.

"Tribinali ilisema ivyo mbele ya vita, ao nyuma?"

"Nyuma, Mama. Baada ya vita."

"Batu balikufa mingi?"

"Wengi sana."

"Bon. Donc vita ndiyo ilijibu. Tribinali iliandika tu."

Nilifungua ukurasa mwingine, nikaufunga. Nilikasirika sana. Nikampigia kaka Louisville, nikitumaini ataniunga mkono. Nyuma yake mashine za bohari zilikuwa zinanguruma.

"Yaya, umuache," alisema, akiniita mkubwa wake kama kawaida. "Siye tuko bazima sababu ya ile kugawa."

Jumamosi tulikuwa kituo cha basi. Mdogo wangu alilia bila kujificha. Alinishika mkono wa koti na safari hii akasema kwa Kiswahili, "Si ulisema sheria inakataza?"

"Inakataza," nilisema.

"Basi mwambie!"

Nilikuwa nimeshamwambia. Hata hivyo nikamgeukia Mama, daftari likiwa bado mkobani, nikamsihi: "Mama, angalia anavyolia. Mwache abaki nasi."

Mama alimfunga mtoto zipu ya koti mpaka kidevuni. Hakuniangalia.

"Mapacha nilitaka kubagawanya," alisema. "Mumoja kwa bibi, mumoja kwa pasta. Balilia ivi ivi. Nikabahurumia, nikabaacha pamoja."

Hilo hakuwahi kutuambia. Nilichukua begi la mdogo wangu, nikampa dereva.